Simu yako inaweza kuwa skrini ya pili ya kompyuta

Kama unapiga hesabu kwenye laptopu na kila mara unafunga dirisha moja ili uone jingine, chukua simu yako, au ile ya zamani iliyolala kwenye droo, uisimamishe kando ya laptopu iwe skrini ya pili. Bila waya.

Mimi natumia spacedesk. Kwenye kompyuta ya Windows unaweka programu yake kuu, kwenye simu unaweka app ya jina hilohilo. Unganisha vyote viwili kwenye Wi-Fi moja, fungua app, jina la kompyuta litajitokeza, liguse. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Extend. Ukiacha Duplicate utaona picha ileile mara mbili, haikusaidii.

Huna Wi-Fi? Washa hotspoti ya simu, kompyuta ijiunge nayo. Picha inasafiri kati ya vifaa hivyo viwili tu, haipiti kwenye intaneti, kwa hiyo skrini haili bando. Kinachoweza kulimaliza ni Windows kujisasisha kimyakimya, ndiyo maana huwa nazima data na kuacha hotspoti peke yake.

Usipeleke video huko, itakwamakwama. Weka vitu vilivyotulia: kikokotoo, meseji, orodha ya bei unayonakili. Na simu iwe kwenye chaji, maana kioo kinachowaka muda wote hula betri haraka sana.