Ukitaka kumshuhudia jirani, anza kwa kumwomba kitu

Wanaojiunga na kikundi chetu cha uinjilisti hapa Muheza huja na swali moja: nikifika nyumbani kwa mtu, niseme nini? Mimi huwaambia wajiulize kwanza, nimwombe nini. Katika Yohana 4 Yesu yuko kisimani saa sita, amechoka na safari, na neno lake la kwanza kwa yule mwanamke Msamaria ni "Nipe maji ninywe." Mafundisho yanakuja baadaye, na mengi yanatokana na maswali ya mwanamke mwenyewe.

Basi kabla ya kutoka, tafuta jambo ambalo kweli unalihitaji kwa jirani huyo. Liwe la kweli, maana shida ya kuigiza watu huiona ukiwa bado barazani. Mtaani kwetu kuna mzee asiyesali kokote, na kwa kubebesha miche ya michungwa, yaani kuipandikiza, hakuna anayemfikia. Kuna bibi anayejua mipaka ya mashamba yote tangu enzi za babu zetu. Kuna kijana wa pikipiki anayejua wagonjwa wote wa bonde zima, kwa sababu ndiye anayewapeleka hospitali ya Teule usiku. Nenda ukafundishwe na hao. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na UMCA, misheni ya Kianglikana, ileile iliyojenga Magila hapa jirani, alikaa na wenyeji akasikiliza hadithi zao, akazichapa mwaka 1870. Agano Jipya la Kiswahili alilolisimamia lilikuja baadaye. Sisi siku hizi tunataka kuanza na spika.

Mwende wawili, kama Marko 6:7. Watatu wakiingia na mikoba, watu wanadhani ni wa mikopo ya kausha damu, na mama mwenye nyumba anatokea mlango wa uani. Mwanamume asiende peke yake kwenye nyumba ambayo baba hayupo. Piga hodi mara tatu. Pakiwa kimya, ondokeni, wala msichungulie dirishani. Ijumaa mchana na saa za magharibi waacheni watu wasali. Mwezi wa Ramadhani usiende kukaa barazani kwa mtu kuanzia saa kumi, utadhaniwa unangoja futari. Ukialikwa ni jambo jingine: nenda, keti na wenzako, na usiguse tende kabla ya adhana.

Msipeleke sukari wala sabuni siku ya kwanza. Mtaniambia ni upendo, nami nasema ni deni. Mtu akishapokea kilo mbili za sukari, atakusikiliza kwa adabu tu na hutajua moyoni ana nini. Mgonjwa na mfiwa wana utaratibu wao, hao wapelekeeni kama jirani yeyote anavyopeleka. Na simu ikae mfukoni. Kumpiga mtu picha sebuleni kwake ili mrushe kwenye kundi la usharika ni kumuuza.

Mkiletewa chakula, kuleni. Luka 10 ameliandika hilo wazi, mle mlichowekewa. Mkiwaalika nyinyi, kuku achinjwe na Mwislamu na sufuria ziwe safi zisizopikiwa nguruwe. Hapa Tanga wengi tumekulia hivyo na harusi zetu zinakwenda bila neno. Asiyeona uzito wa jambo hili akumbuke Buseresere, Geita, mwaka 2013, ugomvi wa nani achinje ulipofika hadi mchungaji kuuawa.

Sasa mazungumzo. Pwani utaulizwa mambo matatu, yakizidi ni manne: Mungu amezaaje mwana, mbona mnasema Mungu mmoja kisha watatu, na Biblia si imebadilishwa? Jibu ulichoulizwa, kwa sentensi chache, ukianza na "sisi tunaamini". Kitabu cha mwenzako usikishike hata kama umekisoma. Mimi nimeikuta mihadhara ya miaka ya tisini, vitabu viwili mezani na umati ukipiga makofi kila mmoja akipigwa kijembe. Watu walirudi nyumbani wamefurahi, na salamu kati ya nyumba na nyumba zikapungua. Usipojua jibu, sema utamuuliza padre, na urudi kweli na jibu. Kule kurudi kunafungua mlango kuliko jibu lenyewe.

Wagumu zaidi si Waislamu. Ni Juma au Yohana aliyebatizwa Magila akiwa mchanga, anayekuja Krismasi na Pasaka, na ambaye kila hoja yako anaijua. Huyu usimwambie habari za dhambi. Muulize ni nani kanisani alimuudhi, kisha nyamaza kabisa. Mara nyingi kuna msiba ambao hakuna aliyefika, au michango iliyosomwa kwa majina mbele ya watu na jina lake likasomwa na sifuri. Hapo usitetee kanisa. Pelekeni habari hiyo kwa padre, na afike yeye mwenyewe.

Watoto msiwaite kwenye Shule ya Jumapili bila mzazi kukubali kwa mdomo wake, hata mtoto akija mwenyewe kwa sababu ya ngoma za kwaya. Mrudisheni nyumbani, mkaombe ruhusa. Mkikataliwa, imeisha.

Na mtu mzima akisema anataka kubatizwa? Msikimbilie kumtangaza Jumapili. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini, ila Katiba haimpikii chakula. Ulizeni mkewe amesemaje, mama yake yuko hai, nyumba anayoishi ni ya nani. Aende kuwaambia watu wake mwenyewe, mapema, kabla hawajasikia sokoni. Madarasa ya ukatekumeni, yale ya kumwandaa kwa ubatizo, yaende polepole. Akitaka kuharakisha, muulizeni nini kinamharakisha, maana wakati mwingine ni mchumba. Tunao waliofika kwa mchumba wakabaki kwa imani, simchukii mtu kwa hilo, lakini padre ajue.

Kisha kaeni kikao, bila yeye kuwepo, na mpange mambo mawili. La kwanza, Idi ya kwanza baada ya ubatizo: kwao hawezi kwenda au hajaitwa, na siku hiyo mtaa mzima unanukia pilau. Nyumba gani itamwita chakula cha mchana? Andikeni jina. La pili ni msiba. Akifiwa na baba yake atazika vipi na atasimama wapi? Jibu letu huwa aende, akae na ndugu zake, abebe jeneza kama watamruhusu, na sisi twende naye tukakae nyuma ya watu, kina mama na kanga zao kichwani, bila kuanzisha wimbo. Na mchango wa mazishi tumpe yeye mkononi, aupeleke kwa jina lake.