Kulinda rangi ya gari jipya hapo hapo uani

Wiki tatu zilizopita shemeji yangu alitoa Harrier nyeusi bandarini. Siku ya pili tu akaipeleka kwa vijana wa kuosha kando ya barabara, wakaisugua kwa dodoki na sabuni ya unga, wakaikausha kwa fulana kuukuu. Usiku akamulika boneti kwa tochi ya simu, akaona mikwaruzo ya duara imetanda kama utando wa buibui. Akanipigia: "Shem, hivi hili gari nimeuziwa bovu?" Bovu halikuwa. Jumapili yake tulishinda uani Tabata tukilitengeneza, na haya ndiyo tuliyofanya, pamoja na yale niliyomkataza.

Kwanza tuelewane: kwetu gari jipya mara nyingi ni lile lililokwisha tembea Japani miaka kadhaa, likaja na meli. Hatua ni zile zile hata kama lako ni la kiwandani kabisa. Tofauti ni kwamba lililotumika huenda lilishapigwa polishi mara kadhaa kabla halijakufikia, kwa hiyo klia yake, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa na kulinda rangi, imepungua. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (tabaka la chini kabisa, juu ya bati) mpaka klia, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja), na klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele mmoja wa kichwa ni karibu 70. Kila ukipiga polishi unapunguza hiyo klia, na klia haioti tena kama kucha.

Vitu vya kuwa navyo

Ndoo mbili, shampuu ya gari, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba, taulo za maikrofaiba zisizopungua nane, dawa ya kuondoa chembe za chuma, klei (kipande laini kama udongo cha kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi), alkoholi ya isopropili, glavu za mpira, na dawa utakayopaka mwisho. Dodoki rudisha bafuni. Sabuni ya unga ibaki kwa nguo. Ile brashi ya manyoya ya kupangusia vumbi gari likiwa kavu mpe mtu usiyempenda.

Utahitaji pia lita mbili tatu za maji ya betri, yale yanayouzwa vituo vya mafuta. Ni maji yasiyo na chumvi, na hapa mjini sijapata mbadala wa bei hiyo. Ila soma chupa! Rafu hiyo hiyo huwa na asidi ya betri, chupa zikafanana. Ukimimina asidi kwenye boneti, mwongozo huu hautakusaidia tena.

Hatua ya 1: Osha

Kuosha gari unajua. Kivulini, bodi ikiwa ya baridi, kuanzia juu kushuka. Ndoo moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla hujairudisha kwenye shampuu. Ndoo ya pili ndiyo inayobakiza mchanga nje ya glavu. Aliyezoea ndoo moja anapaka mchanga upya kila anapochovya.

Kama maji yako ni ya kisima, na kisima chenyewe kina chumvi kama vingi vya Dar, suuza ya mwisho tumia maji ya bomba au ya mvua. Ndoo moja inatosha. Halafu kausha papo hapo. Tone la maji ya chumvi likikaukia juani linaacha duara jeupe, na likikaa wiki kadhaa linakula klia. Madoa mapya ya namna hiyo hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: loweka kwa taulo dakika moja, futa, suuza.

Hatua ya 2: Chuma na klei

Nyunyiza dawa ya chuma mlango mmoja mmoja. Ikianza kuchuruzika zambarau usishtuke. Hizo ni chembe za chuma, nyingi zikitoka kwenye breki, zilizojichimbia kwenye klia. Subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, isikaukie, suuza.

Sasa vaa mfuko wa mkate mkononi na upapase boneti taratibu. Zamani ningesema rambo, lakini ile ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019. Ukipitia nailoni vidole vinahisi kila kipele. Pale panapokwaruza kama msasa ndipo pa kupitisha klei, bodi ikiwa imelowa maji ya shampuu, bila kukandamiza. Klei ikidondoka chini, tupa. Usiioshe, usiipulize, usijiambie ilidondokea sehemu safi. Tupa.

Hatua ya 3: Polishi, kama kweli inahitajika

Kwa wengi haihitajiki. Harrier ya shemeji ilihitaji, tukatumia polishi laini kuliko zote na mashine inayozunguka huku inayumba. Ile inayozunguka moja kwa moja, ndugu yake grenda, usimpe mtu anayejifunza. Ukikaa nayo sekunde chache kwenye ukingo wa mlango umeshafika kwenye praima.

Kama kuna bampa au mlango uliopigwa rangi upya gereji, usiupake kitu kwanza. Rangi ya kiwandani huivishwa kwenye tanuri, lakini ya gereji bado inatoa thina taratibu. Mimi huiacha siku 60.

Hatua ya 4: Futa mafuta

Changanya isopropili na maji ya betri nusu kwa nusu, pulizia kwenye taulo, pitisha gari zima. Polishi huacha mafuta yanayoficha mikwaruzo na kuzuia dawa isishike. Spiriti ya duka la dawa usiitumie: baadhi huchanganywa na mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, na hayo mafuta ndiyo tunayoyakimbia.

Hatua ya 5: Dawa yenyewe

Machaguo ni matatu. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kule Brazili, inang'arisha vizuri sana lakini kwa jua letu haidumu, baada ya wiki chache unarudia. Silanti, dawa ya maji maji ya kufunika klia, hudumu miezi, unapaka, unafuta, ukikosea hakuna kinachoharibika. Seramiki, dawa inayoganda kuwa tabaka gumu juu ya klia, hudumu mwaka na zaidi, na ndiyo inayoliza watu.

Ukiniuliza, gari la kwanza paka silanti. Nilimwambia shemeji hivyo hivyo. Akasema ameshanunua seramiki, tena imeandikwa 9H. Hiyo 9H ni kipimo cha kukwaruza kwa penseli tu. Kokoto ya barabara ya Morogoro haijui habari za penseli.

Basi kama nawe umeshanunua, soma sehemu hii mara mbili, maana mimi iliniangusha kwenye gari langu mwenyewe, la bluu iliyokolea. Ilikuwa Aprili, masika, mvua imekatika saa nne asubuhi, jua limetoka, nikaona ndiyo nafasi. Nikapaka boneti nzima kwa mkupuo mmoja kama napaka ukuta chokaa. Simu ikaita, mteja, tukaongea kama dakika sita. Niliporudi, boneti ilikuwa na michirizi kama njia za konokono, imeganda. Taulo halisogezi. Shampuu haikufanya kitu, isopropili vile vile. Nikawa nimeshashika kopo la thina, fundi rangi wa jirani akapiga kelele kutoka kwenye uzio wake: "We! Unataka kuniletea kazi?" Nilimaliza saa tano usiku nikiwa na mashine na polishi, nimeondoa seramiki yote, na klia kidogo pia.

Kosa langu lilikuwa kudhani inakauka kama rangi, kwamba hewa yenye unyevu ingenipa muda. Ni kinyume. Seramiki hutumia unyevu wa hewani kugandia, kwa hiyo siku ya mvuke wa masika inashika haraka kuliko siku kavu. Ongeza joto la bati lililopigwa na jua, muda wa kufuta unabaki kiduchu. Maelekezo ya chupa yameandikwa kwa gereji yenye kiyoyozi, si kwa ua wa Tabata.

Siku hizi nafanya hivi. Nachagua Juni mpaka Septemba, naanza saa moja asubuhi chini ya paa, bodi ikiwa ya baridi kwa kiganja na umande umeshafutwa. Simu naiacha ndani. Napaka eneo lisilozidi sinia la pilau. Matone manne matano kwenye sponji, napitisha kwa ulalo, kisha kwa wima, ili pasibaki mwanya. Kisha nainama na kutazama kwa upande, si kutoka juu. Mwanzo inang'aa kama maji, halafu inaanza kuvunjika vunjika na kuonyesha rangi rangi, kama dizeli juu ya dimbwi. Hapo ndipo pa kufuta. Wakati mwingine ni sekunde thelathini, wakati mwingine dakika mbili, na kati ya asubuhi na saa nne muda huo unabadilika, kwa hiyo usihesabu kichwani, tazama.

Taulo la kwanza linaondoa ziada, la pili linamalizia. Kabla ya kwenda sinia linalofuata, mulika tochi ukiwa umeilaza karibu na bodi. Michirizi utaiona hapo, haionekani kwa mwanga wa mchana, hasa kwenye gari jeupe. Ukiona doa la dakika kumi hivi, paka tone jipya juu yake. Linalainisha lililotangulia, nawe ufute mara moja. Likipita saa moja au mbili usihangaike, ni mashine tu. Ukingo wa boneti, chini ya vishikio vya milango na kuzunguka nembo ndipo ziada hujificha. Sisi tuliisahau nyuma ya kioo cha pembeni cha kushoto, na doa bado lipo, shemeji hulionyesha kwa wageni kama kovu la tohara.

Taulo ulizofutia zitakauka kama kadibodi. Usizifue ukazitumia tena kwenye gari, zitakwaruza. Na fanya kazi penye hewa, glavu mkononi, maana ikiganda kwenye vidole utaibeba siku kadhaa.

Baada ya hapo gari lisiguswe na maji wala umande kwa saa 24, na shampuu isubiri wiki nzima. Lilaze chini ya paa, bila turubai. Mimi turubai la gari silipendi hata siku nyingine: vumbi linaingia chini, upepo unalisukuma, rangi inasuguliwa usiku kucha wewe umelala.

Baadaye

Osha kila wiki kwa ndoo mbili. Usiegeshe chini ya mwembe: utomvu wake unaochoma ngozi ya mdomo hauionei huruma klia. Na kunguru, hawa wa kijivu shingoni walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, hawajui kama umepaka seramiki. Kinyesi chao kikipigwa na jua la mchana kinaacha alama ya kudumu ndani ya saa chache. Usikifute kikavu, kina mchanga. Weka kwenye mfuko wa mlango chupa ya kupulizia yenye maji ya betri na tone la shampuu, na taulo moja safi. Pulizia, subiri kilainike, kinyanyue kwa taulo. Shemeji keshaitumia mara nne, yote ikiwa sehemu ile ile ya kuegesha kazini kwake, na bado anaegesha hapo hapo kwa sababu pana kivuli.