Namna ya kuacha kujisemea vibaya kichwani bila kujidanganya

Wengi wetu wazo baya likija tunakimbilia kulifukuza, "usiwaze hivyo wewe, acha", na ndo linazidi kung'ang'ania. Hii ilishapimwa kabisa, mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia watu wakae dakika 5 wasimuwaze dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia zaidi ya mara moja kwa dakika! Na walipokuja kuruhusiwa kumuwaza, wakamuwaza kuliko wale ambao hawakuzuiwa mwanzoni. Kwahiyo kufukuza tuweke pembeni, haifanyi kazi.

Cha kwanza ni kulikamata. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili, miaka ya 1960 aligundua wagonjwa wake wenye sonona wana visentensi vinavyopita kichwani haraka haraka, hata wenyewe hawavishtukii, wanabaki tu na huzuni hawajui imetoka wapi. Mfano umemtumia rafiki meseji, kaisoma, kimya. Saa nzima roho imekuchafuka na ukiulizwa utasema "si hajanijibu", lakini siyo hiyo iliyokuchafua, kuna sentensi hapo katikati, labda "kanichoka". Sasa hiyo sentensi iandike, kwenye daftari au simu popote, na iandike vilevile ilivyokuja na ukali wake, usiipambe. Andika kilichotokea, halafu ulichojisemea, halafu ulivyojisikia. Fanya wiki moja hivyo tu bila kubadilisha chochote, najua inachosha ila ukiruka hapa huko mbele utakuwa unapigana na kitu usichokiona. Utashangaa pia kwamba sentensi zenyewe siyo nyingi, ni zilezile tatu nne zinazunguka zikibadilisha nguo.

Ukishazijua zihoji. Angalia maneno kama "kila siku", "hakuna hata mmoja", "kamwe", na hasa "mimi ni". Kuna tofauti kubwa kati ya "mtihani huu nimefeli" na "mimi ni wa kufeli", la kwanza ni habari, la pili ni hukumu ya maisha na hakimu ni wewe mwenyewe uliyechoka saa sita usiku. Jiulize una ushahidi gani, na kuna maelezo mengine gani yanawezekana. Ukishindwa kabisa, jiite jina lako, yaani "sasa Fulani, hapa shida ni nini hasa?" Inachekesha lakini watafiti wakiongozwa na Ethan Kross mwaka 2014 walionyesha watu wanaojisemesha kwa jina lao badala ya "mimi" wanaibeba presha vizuri zaidi, ni kama unamshauri mtu mwingine, na sote tunajua kushauri wengine tuko vizuri sana.

Halafu ndo unabadilisha, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanatoka "sifai" wanaruka moja kwa moja "mimi ni mshindi, napendwa na wote", wanaliimba mbele ya kioo asubuhi na moyoni hawaliamini hata kidogo. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake walikuta kwamba watu wasiojithamini wakirudia sentensi ya kwamba wao ni wa kupendwa wanajisikia vibaya zaidi, sababu kichwa kinajibu papo hapo "wewe? wapi!" Mimi nasema chukua wazo la ngazi moja tu juu, ambalo unaweza kuliamini leo. Siyo "ananipenda mno", ni "sijui kwa nini hajajibu, juzi tuliongea vizuri, kesho jioni nitampigia". Ona hilo lina kitu cha kufanya ndani yake. Liandike chini ya lile la zamani, na siku sentensi ileile ikirudi (itarudi) usianze kutafuta upya, jibu unalo.

Kushukuru nako kunasaidia, andika mambo mawili matatu mara moja kwa wiki inatosha, ila yawe mahususi, "nashukuru kwa uhai" ukiirudia sana inageuka salamu.

Usihesabu zile siku 21 zinazosemwa zinatosha kujenga tabia mpya. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake uliotoka 2009 ulipata wastani wa siku 66, wengine 18 na kwa wengine ikakadiriwa hadi 254, na zile zilikuwa tabia za kula, kunywa na mazoezi, sembuse za kichwani. Waliona pia kuruka siku moja hakuharibu kitu.

Ila siyo kila wazo hasi ni uongo jamani. Kama mtu anakupiga au kazi inakunyonya, wazo la "hapa siko salama" liko sahihi, usilihoji, ondoka au tafuta msaada. Na kama wiki mbili zimepita hulali, huna hamu na chochote, hapo usisubiri daftari likuponye, muone daktari au mtaalamu wa saikolojia, na ukiwa unawaza kufa mwambie mtu aliye karibu nawe leo hiihii akusindikize. Daftari nenda nalo, litakuokoa kwenye lile swali la "tatizo lilianza lini".