Somo: Kununua gari la haibridi ya kuchomeka kutoka jimbo lingine

Wiki hii nimeulizwa mara sita, kwa hiyo naandika mara moja. Naishi Columbus, Ohio. Toyota RAV4 Prime yangu ya 2021, haibridi ya kuchomeka (injini ya petroli pamoja na betri unayochaji kwenye soketi), niliichukua Maryland mwaka 2023, ikiwa imetumika, maana huku zilikuwa chache na wenye yadi walijua hivyo. Jimbo lako likiwa lingine, karatasi zitatofautiana.

1. Ingiza chasisi namba kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani. Ni bure. Kama gari limeitwa na kiwanda kurekebishwa kasoro, yadi yoyote ya Toyota inarekebisha bila malipo.

2. Tafuta fundi asiyejuana na muuzaji, alipandishe gari juu, aangalie kutu.

3. Kodi inakwenda unakosajili. Mwambie muuzaji mapema asikukate ya kwao.

4. Hati ya umiliki, yaani taito. Hapa ndipo nilipoumia. Nililipa, nikakabidhiwa ufunguo na namba za muda, nikaendesha karibu maili 400 nikiimba. Kumbe yadi ililitoa gari mnadani na hati haijawafikia. Kila nikipiga simu, "wiki ijayo". Namba za muda zikaisha, gari likalala nje siku kumi na tisa huku hela ya bima inakatwa, mimi napanda basi. Kwa hiyo USITUME HELA kabla hujaona picha ya hati, mbele na nyuma, chasisi namba ileile. Wakikwambia "ipo njiani", na hela yako nayo iwe njiani.

5. Bima kwanza, ndipo uwashe.

6. Ohio wanakagua chasisi namba ya gari lililotoka nje, kisha ofisi ya hati ya kaunti, kisha namba. Haibridi ya kuchomeka ina ada ya ziada, dola 150 kwa mwaka.

7. Sevisi. Waranti ya Toyota haijali ulinunua jimbo gani. Betri kubwa, kwa modeli za 2020 kuendelea, ni miaka 10 au maili 150,000, ikihesabiwa tangu mmiliki wa kwanza alipolichukua, siyo wewe. Ila vifurushi vya yadi ni jambo jingine: mimi nilipewa "oili bure" ya kumwagia Maryland! Piga simu kwanza, uliza kama wana fundi wa haibridi ya kuchomeka. Fundi wa mtaani abadilishe tairi. Nyaya za rangi ya chungwa, zenye umeme mkali, asiziguse.

MASWALI

Chui wa Dayton: Kodi nalipa wapi?
— Hatua ya 3.

Babu Kachumbari: Ile dola 7,500 ya serikali, nafuu ya kodi kwa wanaonunua magari ya kuchomeka, bado ipo?
— Kwa gari lililonunuliwa baada ya 30 Septemba 2025, hapana. Anayekwambia ipo anataka kukuuzia.

Chui wa Dayton: Si ungenunua tu hapo Ohio, usumbufu wote wa nini?
— Sentensi ya tatu ya somo, ndugu yangu.

Mama Neema: Samahani kaka, kama nazunguka kwa umeme tu, oili nimwage ya nini?
— Swali zuri, dada. Oili inachoka hata injini ikilala. Prime inatumia 0W-16, maili 10,000 au miezi 12, kimojawapo kikitangulia. Wewe itakuwa miezi. Na baridi ikikaza injini itawaka yenyewe, usishtuke.

Mama Neema: Asante. Nyumba ya kupanga, soketi ya kawaida inatosha?
— Inatosha. Betri ni kWh 18.1, kama saa 12 kwa volti 120. Chomeka usiku. Usitumie waya mwembamba wa kuungia, unapata moto.

Fundi Nusu: Niongezee: angalia kama waya wa kuchajia upo kwenye buti. Langu lilikuja bila.
— Kweli, nimesahau. Uingizeni kwenye hatua ya 2.

Msafiri: Nipo California, naona mpya Texas bei nzuri.
— Angalia kama limeidhinishwa kwa sheria za moshi za California. Kama halijaidhinishwa na lina chini ya maili 7,500, hawalisajili.

Babu Kachumbari: Nikilichoka nalipeleka Mombasa.
— Usukani wa kushoto, babu. Kenya hawaupokei.