Ukitaka kununua saa ya zamani ya stopuochi, bonyeza vitufe kwanza

Hizi saa za mkono za otomatiki zenye stopuochi, watu wengi hapa Kampala wanazinunua kwa macho tu, wanaona uso wa njano umemeremeta wanatoa pesa. Mimi nilifanya hivyohivyo pale soko la Owino, muuzaji ananiambia "boss hii orijino kabisa", nikafika nyumbani nikabonyeza kitufe cha chini, mshale wa sekunde ukarudi lakini haukufika kwenye namba kumi na mbili, ukasimama kando kama mtu amekosea mlango. Kumbe mashine ilishafunguliwa na mtu asiyejua kazi.

Historia kidogo tu: mwaka 1969 saa za kwanza za namna hii zilitoka karibu pamoja. Zenith wakatangaza El Primero Januari, inapiga mara 36,000 kwa saa moja. Machi ikaja Chronomatic ya kina Heuer, Breitling na Hamilton, zile ambazo krauni, kale kagurudumu ka pembeni ka kurekebishia saa, imekaa upande wa kushoto na vitufe viko kulia. Na Wajapani wa Seiko wakaleta 6139 mwaka huohuo. Hizo mbili za Uswisi ziache kwanza, tamu sana lakini spea zake zitakutoa jasho. Anza na Seiko 6139, ziko nyingi duniani na fundi wetu wengi wameshazoea Seiko.

Ukiishika mkononi usitazame urembo, pindua. Kifuniko cha nyuma kimeandikwa mfano 6139-6002, zile namba nne za kwanza ni mashine, nne za mwisho ni kasha. Halafu kuna namba ya serial ya tarakimu sita, ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Ikianza na 43 hiyo ni Machi 1974 maana hizi zilikwisha kutengenezwa mwisho wa miaka ya sabini. Oktoba ni O au sifuri, Novemba ni N, Desemba D. Ikianza na 9 hapo ni mtihani, inaweza kuwa 1969 au 1979. Kisha soma maandishi madogo kabisa chini ya uso, pale karibu na namba sita, ukiona yanasema mashine nyingine ujue ni saa ya kuunganisha-unganisha.

Sasa vitufe. Itikise kidogo ianze kutembea, hii haina kutia ufunguo kwa krauni, usiizungushe ukitegemea ijae. Bonyeza cha juu, mshale mrefu uanze palepale bila kuruka wala kusitasita. Uache dakika mbili tatu uone kale kamshale kadogo ka dakika kanasogea. Bonyeza tena usimame, halafu cha chini, yote miwili irudi juu kabisa, dede. Isiporudi sawa, usianze kujipa moyo ati fundi atarekebisha, kata bei au ondoka. Sukuma krauni ndani, tarehe na siku zibadilike, ila usifanye hivyo kati ya saa tatu usiku na saa tisa, meno yake yanaweza kuvunjika. Zile za njano zina pete ya ndani inayozunguka na krauni, mara nyingi imekwama.

Hiyo ya njano ndo inayosumbua watu. Mwanaanga wa Marekani William Pogue aliivaa kwenye kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973, saa yake mwenyewe, si ya kupewa kazini, na habari hiyo ikapandisha bei mpaka watu wanapaka rangi upya nyuso zilizochakaa. Angalia herufi kwa kioo cha kukuzia, rangi mpya hufanya herufi zivimbe na mistari isiwe sawa. Mimi bora uso uliofifia lakini wa kwake.

Bei unayotajiwa ongeza ya sevisi, maana neno "inatembea" si sawa na "imesafishwa", mafuta ya miaka ya sabini yamekuwa gundi. Mwulize fundi kabla hujanunua: umeshafungua 6139? Akijibu haraka sana "zote ni sawa" mshukuru, nenda zako. Na umkataze kung'arisha kasha, pembe zikiliwa hazirudi.

Maandishi ya meta 70 za maji yasikudanganye, mpira wa kuzuia maji umeshakauka. Mvua za Machi hadi Mei ivue kabla ya kupanda boda, na nyumbani iweke kwenye kopo na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mbali na spika ya redio pia.

Yangu ile ya Owino bado ninayo, inasimama palepale kando ya kumi na mbili. Nilimwonyesha mzee mmoja wa Bombo mwenye yake tangu ujana, akaibonyeza mara moja tu, akanirudishia bila kusema kitu.