Kabla ya Kupuliza, Jua Kiota ni cha Nani

Mkulima anayejua kusoma rangi ya jani na unyevu wa udongo anaweza kupita kila asubuhi kando ya viota kadhaa bila kuviona. Viko kwenye ukuta wa banda la mbuzi, kwenye fito za uzio, chini ya jani la muhindi. Siku akiviona, mara nyingi jibu ni kijinga cha moto au bomba la dawa. Ushauri wetu ni kutanguliza hatua moja: simama mbali kidogo na mlango wa kiota, tulia, utazame mwenye nyumba anaingia na nini. Anachobeba ndicho anachokula au anachowalisha watoto wake, na hapo ndipo utajua kama anakusaidia au anakuibia.

Anza na ukuta wa nyumba, maana huko huhitaji hata buti. Yale madonge ya udongo yaliyoganda juu ya fremu ya dirisha ni kazi ya nyigu mweusi mwenye kiuno chembamba cha njano, yule unayemkuta akichota tope penye bomba la maji. Kila chumba amekijaza buibui aliowachoma wakapooza, akataga yai moja, akaziba. Kwa mazao yako huyu hana faida kubwa wala hasara, kwa hiyo kama anakuchafulia ukuta, bandua tu. Mwenzake ni habari nyingine: anajenga kimtungi kidogo chenye shingo na mdomo uliopinduka nje, ukutani au kwenye kijiti. Ukikipasua kimoja utakuta viwavi wa kijani wamepangwa ndani, hawajafa bali wamepoozwa. Viwavi hao wametoka kwenye mboga zako au za jirani. Huyu mwache ajenge.

Wapo pia nyigu wanaoning'iniza kiota cha kijivu chini ya paa, vyumba vikitazama chini. Hutafuna nyuzi za mbao kavu na kuzikanda kwa mate hadi zinakuwa karatasi. Ukimvizia mmoja akirudi nyumbani utaona ameshika mdomoni kidonge cha kijani: ni nyama ya kiwavi iliyotafunwa tayari kwa ajili ya mabuu. Ni wawindaji wazuri, lakini wanauma kwelikweli. Kiota kikiwa juu ya mlango, chooni au kwenye njia ya watoto, kiondolewe usiku, na aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa asisogee kabisa. Kikiwa nyuma ya banda, kiache.

Sasa tupande mitini, ambako faida ni kubwa zaidi na ugomvi pia ni mkubwa zaidi. Kwa wakulima wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, mdudu wa kwanza wa kumjua ni majimoto, sisimizi wa mitini. Kiota chake ni fungu la majani mabichi yaliyoshonwa pamoja juu ya mwembe, mkorosho, mchungwa au mnazi. Chukua muda uangalie kinavyojengwa. Vibarua hushikana viuno wakaunda mnyororo, wakavuta majani mpaka kingo zikutane. Wengine huja na mabuu midomoni na kuwapitisha huku na huku kwenye mshono, maana mabuu ndio wanaotoa uzi. Ukikaza macho pale majani yanapokutana utauona utando mweupe. Majani ya kiota yakiwa ya kijani, wenyewe wapo. Yakiwa yamekauka yote na hakuna anayetoka ukigonga tawi, ni mahame.

Koloni moja huwa na viota vingi, pengine kwenye miti kadhaa, na malkia yumo katika kimojawapo tu. Kwa sababu hiyo mtu anayekata kiota kimoja na kukihamishia shamba lingine mara nyingi huambulia majimoto wanaopungua kila wiki hadi kwisha. Kama unataka wasambae, wape njia. Matawi yakigusana watavuka wenyewe, na yasipogusana, funga kamba kutoka mti hadi mti.

Kwa nini tuwatunze wadudu wanaouma hivi? Yupo kunguni anayefyonza vidaka na vitale vya mnazi hadi vinapukutika. Mtafiti Mwingereza, Michael Way, alimchunguza kunguni huyo Zanzibar katika miaka ya 1950, na jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limetokana naye. Ilionekana wazi kwamba minazi yenye majimoto wengi haishambuliwi sana. Kunguni huyo hufyonza pia korosho na maembe, na majimoto humfukuza huko vilevile, sawa na wanavyomfukuza mbu wa mikorosho anayekausha machipukizi. Kwa hiyo mtu anayepulizia dawa mti wenye viota kumi vya majimoto ili kuua mbu wa mikorosho anaua walinzi wake kwa pesa zake mwenyewe.

Adui mkubwa wa majimoto yuko chini, kwenye shina. Ni sisimizi mdogo wa kahawia, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa mno ukilinganisha na miili yao. Ukiona udongo mwepesi umetifuliwa kuzunguka shina na misafara ikipanda na kushuka, ujue yeye ndiye ameshika mti, na majimoto watahama au watauawa. Utafiti uliofanyika Tanzania umeonyesha kwamba shamba likilimwa jembe hadi ardhi ikawa tupu, sisimizi hawa hupanda mitini. Kukiwa na majani ardhini, wengi hubaki chini na majimoto wanapata nafasi juu. Kwa hiyo fyeka, usipalilie hadi udongo mtupu. Najua mwenye mikorosho anataka chini pawe safi ili aokote korosho, basi afyeke kwa ufupi msimu wa kuokota unapokaribia, na aachane na kuchoma moto.

Majimoto wana kasoro zao, tusifiche. Hufuga wadudu gamba kwenye machipukizi ili walambe utamu wao, na wachumaji huwalalamikia. Wachumaji wajipake majivu mikononi na miguuni, na wachume asubuhi na mapema kabla jua halijawachangamsha wadudu.

Kwenye mahindi, jifunze kugeuza jani. Kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata, nondo wake hutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi kati ya 100 na 200, na kuyafunika kwa manyoya ya kijivu. Huanguliwa ndani ya siku chache. Fungu moja ukilifikicha kwa kidole leo, umeepusha viwavi wengi ambao kesho kutwa wangetawanyika na kujificha ndani ya moyo wa mmea, ambako dawa huwafikia kwa shida. Pita shambani kwa njia ya herufi W, simama mahali patano, kagua mimea 10 hadi 20 kila mahali.

Lakini si kila kitu cheupe ni cha kufikicha, na hapa ndipo wengi huharibu. Kifukofuko cheupe kilichogandishwa kwenye jani, kando ya kiwavi aliyedhoofu asiyekula tena, ni cha nyigu mdogo sana aliyekulia ndani ya kiwavi huyo. Pasua bua lililotobolewa na funza wa mabua: ukikuta rundo la vifukofuko vidogo badala ya funza, yaelekea ni mmoja wa jamii hiyo. Aina mojawapo ililetwa kutoka Pakistani na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ikaachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Vifukofuko hivyo viache shambani.

Kwenye kunde na kabichi, angalia vidukari kwa makini kabla ya kuwahukumu. Walio hai ni laini na wanasogea ukiwagusa. Wakiwa wamevimba, wamekauka na kugeuka rangi ya kahawia, wengine na tundu la duara mgongoni, nyigu ameshawamaliza na wengine watafuata. Hapohapo utamkuta mdudu mweusi mrefu, mwenye miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa, anayetembea haraka katikati yao. Watu humponda wakidhani ni mharibifu mpya. Huyo ni buu la mbawakawa wa madoadoa, na anakula vidukari kuanzia alfajiri hadi jioni.

Ardhini, vitundu vidogo kwenye udongo mkavu ulioshindiliwa, kimoja kimoja, kila kimoja na kichuguu cha unga pembeni, mara nyingi ni vya nyuki wanaoishi peke yao. Wanachavusha maboga na matango, kwa hiyo bakiza ukanda wa kando bila kulimwa. Njia za udongo zinazopanda mabua ni za mchwa. Bomoa kipande kidogo, urudi kesho: kikiwa kimezibwa, wapo kazini. Mahindi yaliyokomaa yavunwe bila kuchelewa, na mabaki ya mimea yaachwe chini, maana mchwa wakikosa kilichokauka huhamia kwenye kilicho kibichi.

Usipojua ulichokiona, usikimbilie duka la pembejeo. Kikate na jani lake, kitie kwenye chupa angavu, funika mdomo kwa kitambaa chepesi na mpira, ukiweke kivulini. Kama ni kiwavi, badilisha jani kila siku. Andika kwenye chupa tarehe, zao na mahali ulipokitoa. Akitoka nondo, umepata jina la mharibifu. Wakitoka nyigu wadogo, umepata sababu ya kuahirisha dawa. Asipotoka yeyote, mpelekee afisa ugani chupa yenyewe na usiisafishe, maana mavi ya mdudu na namna alivyotafuna jani humsaidia kumtambua.