Kucheki joto la giaboksi ukivuta trela

Kama pikapu yako ni oto (gia zinajibadilisha zenyewe) na unavuta trela ya boti kutoka Mombasa kupanda Mazeras, ile geji ya dashibodi isikudanganye, hiyo ni ya maji ya injini sio oili ya giaboksi. Tafuta kile kidude cha OBD2 cha bluetooth (kinasoma kompyuta ya gari), chomeka chini ya usukani, usome kwa simu, ila hakikisha kinasoma joto la giaboksi maana vingine havisomi. Digrii 80 mpaka 95 hivi poa, ikipita 110 punguza mwendo, teremsha gia na uzime ovadraivu (ile gia ya juu kabisa) giaboksi isibadilishe badilishe gia. Ikigonga 120 weka kando, nyutro, hendibreki, mawe kwa matairi (mlima huo bana), injini iwache ingurume oili ipoe kwa rejeta yake, wengi huzima hapo hapo, makosa.